Admin Asiyejua Kidawida

Ndunge, nimefungiwa ile gemu ya simu wiki mbili. Na Mwandawiro, yule admin wa timu yetu.

Tuko katikati ya mechi, maiki iko wazi, nikamwambia mama kwa Kidawida ng'ombe amekata kamba. Jamaa akasimamisha mechi. Eti nawapitishia wapinzani siri kwa lugha asiyoijua.

Asiyoijua. Mtu wa Werugha, huko huko Taita kwa Wadawida wenyewe, amekaa mjini Voi miaka miwili tu.

Nikamuuliza, "Hujui Kidawida?"

"Hata neno moja."

Mama akachukua simu, akamsalimia kwa Kidawida na kumuuliza mamake anaendeleaje. Akaitikia yote, Kidawida safi, kwa adabu, timu nzima inasikiliza.

Na bado akanifungia. Sheria yake ni wiki mbili kwa yeyote anayeongea kilugha kwa maiki. Zake sijui zinaanza lini.