Kipira cha Kushoto

Jumatatu, 2 Oktoba

Itangazwe kwa wote wanaohusika, yaani mimi na paka, kwamba leo saa nne asubuhi imezinduliwa Kamati ya Kuziba Sikio la Kushoto. Mwenyekiti: mimi. Katibu: paka. Katibu amelala.

Sababu ni hizi. Bendi yetu ya harusi imepata spika ndogo za kutumbukiza masikioni, ili sote tufuate mdundo mmoja badala ya kila mtu makelele yake. Miaka ishirini na sita nimepiga ngoma nikifuata kiuno cha mwimbaji. Sasa nafuata waya.

Kulia safi. Kushoto, ndiko unakopita mdundo wa kuingilia, hakuna besi — sauti nyembamba kama mbu nje ya chandarua. Puji wa kinanda anasema kosa ni la kile kipira cha mbele. Kisipobana hewa inavuja, na besi inatoka nayo. Amesema kama daktari. Nimemwamini kama mgonjwa.

Jumamosi iliyopita nilichelewa kuingia mara mbili. Mwimbaji kashaanza, mimi nimekaa mikono juu kama naombea marehemu. Haji Muslikh, mwenye bendi — sote twamwita Abah — hakunigombeza. Hapo ndipo nilipoogopa. Alisema tu kwamba Jumamosi hii, harusini kijiji cha Gudo, anataka ngoma iingie palepale. La sivyo kinanda cha Puji kina kitufe cha ngoma.

Nimekiona hicho kitufe. Cha kijani. Hakili, hakiugui, hakichelewi.

Jumanne, 3 Oktoba

Vipira vya saizi zote vimejaribiwa. Kidogo kinaanguka. Kikubwa kinanitoa machozi.

Hatua ya pili: vizibo vya sponji, vile vya wafanyakazi wa kiwandani. Unakata nusu, unatoboa katikati kwa msumari wa moto, unavisha kwenye mdomo wa spika. Viwili vimeungua, nyumba nzima inanuka tairi. Cha tatu kimetoka vizuri mno! Nimekijaribu kulia kwanza — dunia ikazimika, hata pikipiki ya jirani sikuisikia, na ile haina bomba la moshi.

Nikakihamishia kushoto. Mbu.

Puji alinifundisha kipimo: bonyeza spika kwa kidole, besi ikirudi, basi ilikuwa inavuja. Nimebonyeza. Haikurudi. Nadhani kidole changu ni kinene.

Jumatano, 4 Oktoba

Nta ya batiki. Nimeomba kipande kwa Bi Sumirah anayechora batiki, nikaiyeyusha, nikaizungushia kipira. Ikabana kweli. Ilipotoka, ilitoka na nywele za sikio zote, na nadhani na dhambi za utotoni.

Mke wangu Lilik alikuwa anasaga karanga za mchuzi wa kuuza kesho. Alicheka mpaka akaweka mchi chini.

"Baba Wening, ungezaliwa na sikio moja ungetusumbua nusu."

Nimwandike hapa, kwa kuwa yeye hasomi vitu vyangu: ana mazoea mapya ya kuzunguka. Akileta kahawa anaizunguka meza nzima ndipo aseme neno. Nikamuuliza mbona. Eti upande ule kuna joto la jiko. Na kitandani kahamia upande wa ukutani, kulia kwangu. Eti feni.

Hajawahi kulalamikia feni tangu tuoane.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mazoezi kwa Abah. Nilikwenda na uvumbuzi mpya: kipira kidogo ndani ya kikubwa, katikati oringi, ile pete ya mpira ya bomba la maji. Puji aliushika, akaugeuza, akasema Wachina wakiuona watanitafuta.

Wimbo wa kwanza nimechelewa. Abah alikuwa nje anapokea simu — Mungu mkubwa.

Puji akaniinamia.

"Cak Kar, kaka yangu, hebu zigeuze. Ya kushoto tia kulia. Tujue mgonjwa ni nani."

Nikamwambia haiwezekani. Spika ikishazoea umbo la sikio moja, ukiigeuza inaharibika. Huo ni uongo. Nimeutunga palepale, na si mbaya kwa uongo wa dharura.

 Puji akasema, taratibu, kwamba kabla ya kila pigo la kuingia yeye atatingisha kichwa mara moja. Mimi nimtazame yeye tu.

Baada ya hapo sikuchelewa hata mara moja! Abah aliporudi akapiga makofi: "Unaona? Spika tu zilikuwa zinataka kuzoewa."

Puji hakucheka. Mimi nilicheka sana.

Ijumaa, 6 Oktoba

Msikitini nilipata nafasi karibu na spika, upande wangu wa kushoto. Hotuba ilikuwa ya upole. Jirani yangu anasema imamu alifoka nusu saa.

Jumamosi, 7 Oktoba. Gudo

Nyuma ya jukwaa, adhuhuri. Naandika juu ya goti.

Maspika yamepangwa juu kuliko paa la nyumba ya bibi harusi. Wenye nyumba wameteremsha vioo vya madirisha tangu jana, wamevilaza kwenye magodoro visipasuke kwa besi. Na Puji kawekwa nyuma ya mnara wa kushoto. Simwoni. Naona nyaya zake tu, na nyaya hazitingishi kichwa. Nilimwomba Abah tuhamishe kinanda. "Wewe si una spika masikioni? Za nini basi?"

Nikarudi kukaza ngoma.

Lilik yupo, amekuja na wanawake wa kwetu kusaidia kupika. Kaniletea wali kwenye jani. Kanizunguka mpaka kulia. Nikamshika mkono.

"Tangu lini?"

Hakuuliza tangu lini nini.

"Ramadhani. Siku tatu nimekuamsha daku kutoka upande ule, hukuamka. Siku ya nne nikahamia upande huu. Ukaamka."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani unajua."

Akafuta mkono kwa kanga, akarudi jikoni. Kuna sufuria nne huko, haziwezi kungoja.

Miezi sita. Mimi ndiyo kwanza nimeungua vidole na kuchuna sikio kwa nta.

Mwimbaji anasalimu wageni. Anataja ukoo wa bwana harusi, ukoo wa bibi harusi, mwenye nyumba, mwenyekiti wa kijiji. Ni orodha ndefu, nashukuru. Abah yuko ngazini, ananipungia — panda! Nimemwonyesha vidole viwili: dakika mbili.

Nimevua zote. Nimetoa oringi, nimetoa sponji, nimerudisha vipira vyake vya kiwandani. Ya kulia nimeitia kushoto. Ya kushoto nimeitia kulia.

Spika ya kushoto ni nzima. Besi yote imo.