Ncha ya Waya Wako

Elia mwanangu,

Anayeandika ni mkeo Zaituni, maana mimi kalamu sijawahi kuishika na kwa uzee huu sitaanza. Nimemwambia aandike kila neno nitakalotamka, hata likimchoma. Amekubali.

Watoto wako wazima. Mdogo ameota meno mawili, anang'ata kama mbwa. Ila ile kafe ya intaneti uliyofungua hapa Miyuji ulipopunguzwa kazini imefungwa.

Siku ya kugawa vitu vyako, kaka yako alichukua kompyuta uliyokuwa ukiitumia mwenyewe, akaenda nayo Buigiri. Waya wake ukabaki, mwisho mmoja kwenye kisanduku cha swichi, kile kinachounganisha kompyuta zote, mwingine umelala mavumbini. Nikaukuta nikifagia. Unajua mama yangu alivyotufundisha: kamba ya marehemu haiachwi ncha wazi, hata iwe ya mbuzi, mwenyewe ataishika arudi nayo. Nikaona kisanduku kina tundu jingine tupu. Nikaichomeka ile ncha. Ikalia tik. Nikaendelea kufagia.

Hapo hapo taa za kisanduku zikaanza kukimbia zote pamoja, kama macho ya mtu anayeweweseka. Kompyuta zote sita zilizobaki zikawa bubu. Ulishaniambia, "Mama, mashine ikiamka inapiga hodi kuomba namba ya kuingilia mtandaoni. Ikikosa jibu inajipa namba yenyewe, ila huko nje haifiki." Basi zikakaa hivyo, kila moja na namba yake ya kujibandika, zinapiga hodi, hakuna wa kuitika. Zaituni akazima, akawasha. Zikatulia kidogo, zikakimbia tena. Fundi wa redio akaja, akasema, "Bibi, kisanduku ni kizima." Akazitazama zile taa, akakusanya bisibisi zake. Chai hakuigusa. Wateja wakasema Elia hajaondoka, yuko zamu. Wakaacha kuja.

Zaituni naye akaanza kukusikia. Mchana kweupe, yuko peke yake mle, kiti chako kinalia kama ulivyokuwa ukiegemea. Amefunga mizigo. Alhamisi anawapeleka watoto kwao Busi, na kurudi harudi. Andika, Zaituni, usinitazame.

Mimi sikuogopa. Nilikuwa naingia na kigoda changu, naketi mbele ya taa, nakusimulia habari za mvua. Zinapepesa haraka, kama wewe ulivyokuwa mdogo, una neno na pumzi haikutoshi. Nikajua umekasirika. Nikajua upo.

Jana asubuhi nilikwenda kukusihi umwache mkeo. Nikaushika ule waya, nikauchomoa, nikasema, "Shika kamba yako, nenda."

Taa zikatulia. Zote, Elia. Halafu zikaanza kuwaka moja moja, taratibu, kama watu wanaopokezana maneno. Nikachomeka, zikakimbia. Nikachomoa, zikatulia. Mara tatu.

Hukuwa wewe. Nilikuwa mimi na ufagio wangu: ncha zote mbili kisanduku kimoja, kinajisemesha chenyewe. Hapo ndipo nywele ziliponisimama. Sijawahi kuogopa chumba vile. Hakikuwa na mtu.

Nikairudisha ncha tunduni, nikafunga mlango, nikanyamaza. Nilitaka uwepo, hata kama ni kwa hasira. Kwa hilo ningewaacha wanao waende.

Hapa kalamu ilisimama. Zaituni alitoka, akaingia kule kwenye mashine. Nikasikia kiti kinalia. Alikuwa yeye.

Sasa amerudi, ule waya mkononi. Amekaa. Anasema, "Mama, wiki tatu nimelala taa ikiwaka kwa woga." Nimemwambia hilo nalo aliandike. Anasema Busi haendi, ila nisimsemeshe leo. Ananinunia, mdomo huu hapa. Kununiwa na aliye hai ninaweza.

Basi mwanangu, kule makaburini nilikuaga kwa mdomo tu. Leo nakuaga. Mle ndani sitakuita tena. Wanao nitawalea kwa ukali uleule niliokulea nao wewe, na baba yao nitawasimulia mpaka wachoke.

Lala, Elia. Usiitike.

Mama yako