Wiski ya Ayalandi na shira ya karafuu

Jumanne, baada ya isha

Kaipenda! Yule bibi mgeni kutoka Ayalandi kaimaliza kokteli yangu. Na meneja wa baa, aliyesema bibi akiirudisha tu nami narudi kuosha gilasi, kanywea kwa aibu.

Nilitia wiski ya kwao na ganda la chungwa, na badala ya sukari nikatia shira ya karafuu zetu, ile iliyonimwagikia begani nikiipika. Nilipima kwa pua tu.

"Wewe umeionja?" bibi akauliza.

"Mimi Mwislamu, bibi. Sijaonja hata siku moja."

Akacheka, akaagiza nyingine.

Nikabaki na hofu ya nyumbani. Kila siku mama huniambia nivue shati nje, linanuka baa. Leo kaninusa begani.

"Wanukia karafuu. Pita, mwanangu."

Naandika haya na shati ninalo mwilini.