Mgongo wako mbele ya mchele

Tonton wangu mpendwa,

Huko ulikolala, natumaini hakuna anayekusumbua kwa habari ya mchele. Hapa Kisangani bado wanacheka, na mimi ndiye ninayewachekesha. Nani mwingine angeisimulia vizuri kunipita, mimi mpwa wako, mpishi wa bato, meli ya mtoni, niliyeshiba katika kila bandari kutoka hapa mpaka Léopoldville?

Unakumbuka kwa babu, kwenye maporomoko? Samaki wakitoka mitegoni, walipangwa mafungu juu ya majani. Aliyekata, kwa kuwa fungu moja lilikuwa lake, aligeuza mgongo. Mwingine aligusa fungu na kuuliza, "Hii ya nani?" Naye, bila kuona, alitaja jina. Wewe ulikata, mimi niligusa, na Mama Yema, mke wako, alikohoa kila nilipogusa kichwa cha kapiteni, yule samaki mnono. Ukataja jina la jirani!

Kisha ukawa mwalimu katika ile shule kubwa ya kilimo, chini ya mto. Directeur, mkuu wa shule, alikuruhusu kazi ya pembeni: Jumamosi ulikuwa kwa Papa Lokwa, mfanyabiashara wa Yanonge, unamwonyesha kukausha mpunga na kuchagua mbegu. Bati za nyumba yako zilikuwa zinatoka kwenye malipo yake.

Siku shule ilipochagua mbegu ya kugawia vijiji, nilikuwa mlangoni, nimekuletea samaki wakavu. Sahani za mbegu za wafanyabiashara zilijaa mezani, hazina majina. Walimu walipita mmoja mmoja wakitoa maoni. Ukafika kwenye sahani moja, ukaitambua mbegu ya Papa Lokwa. Basi, Tonton, mtu mzima, suruali imepigwa pasi, ukageuza mgongo!

"Unanipa mimi mgongo?" Directeur aliiva kama mawese. "Kesho usirudi hapa!"

Niliona shingo yako inatoka jasho.

Bon. Nani aliingia? Mimi, samaki mkononi.

"Pardon, Monsieur le Directeur. Hii haiko matusi. Kwetu mutu anageuza mugongo sababu fungu moja iko yake."

Nikapanga samaki wangu katikati ya sahani zake, nikamwonyesha. Walimu walijifanya wanapenga kamasi, kumbe wanacheka.

"Ni kweli?" akakuuliza.

"Iko mbegu ya Papa Lokwa, Directeur. Ni mimi nilimukaushia. Wengine wachague."

Akakuacha kazini. Akaamuru pia kwamba mwalimu mwenye kazi ya nje aitaje kabla ya kukaribia meza. Wengine wakachagua mbegu nyingine, na Papa Lokwa akakuachisha kazi yake: "Mwalimu, kama mezani hunisaidii, shambani unafanya nini?" Nyumba ikabaki nusu bati, nusu majani.

"Mugongo yako itatufunika mvua?" Mama Yema aliuliza. Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Tonton, siku hizi nakukumbuka kuliko siku ya msiba wako. Shule ileile inataka mtumbwi wa kuvusha wanafunzi, na imeniomba mimi, bingwa wa mto huu, niuchague. Kati ya inayoletwa, mmoja ni wa shemeji yangu na mimi. Tena, nakuapia, ndio mzuri kuliko yote.

"Onyesha kidole tu," shemeji ananiambia. "Haiko muzuri?"

"Iko muzuri."

"Alors, sasa nini?"

Tukiukosa mkataba wa shule, shemeji hatanisalimia mpaka nizeeke, na ninampenda yule mjinga. Lakini kesho asubuhi, mitumbwi ikipangwa ufukweni, nitageuza mgongo. Mgongo wangu ni mpana kuliko wako, hakuna atakayesema hakuuona. Ila Directeur ni mpya, na sijui nani ataingia na samaki kunisemea.

Mama Yema anasema atakuja kusimama karibu. Nimemkataza kukohoa.

Pumzika, Tonton. Mvua ikinyesha, bado tunalala upande wa bati wa nyumba yako.

Ni mimi, mpwa wako, mgusa mafungu