Waya Ulioingia Dirishani

Mbinga, Ijumaa, Julai. Ukungu umegoma kuondoka tangu asubuhi, na kifua changu kimejaa.

Simu imetoka Dar es Salaam. Seva zetu nne zinahamishwa. Mwisho wa mwezi chumba kinafungwa, na mimi niliyekuwa nakitunza sina kazi.

Kampuni yetu ni mojawapo ya hizi zilizokuja kununua kahawa baada ya soko kufunguliwa na ushirika kuyumba. Uzito wa kahawa ya kila mkulima umehifadhiwa kwenye hizo seva. Wakubwa wamesema siku zote kwamba Mbinga, kwa umeme wake wa kuja na kuondoka, si mahali pa kuweka mitambo ya namna hiyo. Niliwabishia kwa vitendo. Kiyoyozi nilikizima, nikafungua dirisha, baridi ya milima yetu ya Umatengo ikapoza seva bure. Umeme wa betri nikautenga. Soketi za seva nilizipaka rangi yangu ya kucha, nyekundu, zisiguswe na kitu kingine chochote. Kompyuta za ofisi zikabaki kwenye soketi nyeupe, zizimike umeme wa mji ukikatika. Betri zinashikilia seva, mimi nawasha jenereta nikiona lazima. Dizeli yetu ilikuwa inakaa mpaka watu wanashangaa.

Nilijivunia. Sioni haya kusema.

Halafu wiki iliyopita akafariki Mzee Ndunguru, jirani yetu, ukuta kwa ukuta.

Huku kwetu mwenye umeme hamnyimi mfiwa. Hilo halina mjadala. Meneja wetu, Bwana Kinunda, aliwaahidi wafiwa umeme wetu palepale kanisani, bila kuniuliza. Dizeli ya jenereta nayo akaitia kwenye gari lililokwenda Chiwanda, kule chini ziwani, kuwachukua ndugu wa marehemu. Ukarimu wa vitu vya wengine, huo amejaliwa.

Siku ya maziko nilitoka kidogo. Niliporudi nikakuta waya umepita dirishani, lilelile nililolifungua ili kuokoa umeme, na umechomekwa kwenye soketi nyekundu. Nani angechagua nyeupe, wakati mtaa mzima unajua nyekundu hazikatiki? Upande wa pili kulikuwa na kinanda cha kwaya, spika mbili na hita ya kuchemshia maji ya chai ya waombolezaji. Umeme wa mji ulikuwa umeshakwenda.

Betri zilikuwa zinalia. Nilimtuma mlinzi akawaombe wachomoe hita angalau. Akarudi ameniletea kikombe cha chai.

Nikashika plagi.

Uani kwa jirani jeneza lilikuwa wazi, watoto wa marehemu wanaaga, kwaya inaimba. Nikajiambia, wamalize ubeti huu. Wakaingia wa pili. Nikajiambia, na huu.

Kinanda na seva vilizimika pamoja. Kwaya iliendelea kuimba kwa sauti tupu, wala haikupungukiwa kitu.

Diski mbili hazijaamka tangu siku ile. Kumbukumbu za kahawa iliyopokelewa msimu huu zimekwenda nazo, na wakulima wanapandishwa mlima upya waje na stakabadhi zao, wengine wameshazipoteza. Wananitazama mimi. Wana haki.

Leo nilimsikia Bwana Kinunda kwenye simu akiwaambia wakubwa, "Umeme wa huku ni tabu tupu, mzee." Waya hakuutaja. Dizeli hakuitaja. Alipokata simu akaniambia nisijisikie vibaya, riziki ni popote.

Jioni nikapita kumwona mjane, Mama Ndunguru. Nilimwamkia, akaishika mikono yangu yote miwili.

"Marahaba, mwanangu. Asante kwa umeme. Mzee ameagwa vizuri."

Nikamjibu, "Hamna shida, mama."

Hamna shida! Nimetembea mpaka nyumbani nikilirudia neno hilo, na kila nikilirudia linazidi kuwa chungu. Nimejiuliza, kama ningerudishwa pale, plagi mkononi, ningeichomoa? Nisingeichomoa. Ningewaacha waimbe mpaka mwisho, na seva zingezimika vilevile, na Dar wangesema vilevile kwamba Mbinga hapafai. Kazi yangu niliijua vizuri kuliko wote waliotoa amri, na bado nisingeweza kuifanya.

Kesho nitamkasirikia Bwana Kinunda. Leo zamu ya kukasirikiwa ni yangu.