Kuni na Uji wa Mzazi

Jumatatu, 3 Machi
Mafuta ya jua, kofia, mikono mirefu. Majani ya chai yamechipua vizuri baada ya mvua. Nimechuma kikapu kikajaa na bado nikaimba. Sauti mbaya, lakini shamba ni langu.

Jumanne, 4 Machi
Jana nikitoka kituo cha majani, tunakouzia chai, vijana wawili wa hapa hapa Kibugu walinizuia njiani. Waliniita zeruzeru. Eti ngozi yangu ni balaa, itakausha chai. Chai yangu, ambayo haijawahi kuwa kijani hivi! Wakaichana kofia, wakanisukuma mtaroni. Mkono wa kushoto umevunjika. Nawajua. Mmoja nilimfundisha kanisani akiwa mdogo. Hasira inauma kuliko mkono.

Alhamisi, 6 Machi
Sijatoka nje. Dada yangu Marigu amepiga simu kutoka mtaa wa Dallas, Embu mjini. Anataka niuze shamba, nihamie kwake. Nimekubali. Polisi sijaenda. Nani atasimama nami? Majani yanakomaa bure. Nimelia.

Jumamosi, 8 Machi
Jirani yangu Mama Rwamba amekuja na wanawake wa kituo cha majani. Mstari mzima, kuni mgongoni, uji wa wimbi kwenye jerikeni. Hawakuuliza kitu. Wengine jikoni, wengine moja kwa moja shambani kuchuma.

Sasa, huku kwetu kuni na uji namna hiyo hupelekwa kwa mzazi, mwanamke aliyejifungua. Cucu Igoki, bibi kizee wa ng'ambo ya mto, aliuona mstari ukipanda, akajua kumezaliwa. Akafika akihema, blanketi la mtoto mkononi. Jipya, la manjano.

"Mtoto ako wapi?"

Mama Rwamba akaninyooshea kidole.

"Ni huyu."

Nimecheka mpaka mkono ukauma. Wote wamecheka, Cucu kuliko wote. Nikataka kumrudishia blanketi, akakataa katakata. Cha mzazi hakirudi. Kisha akanifunika nalo mabegani, akaninywesha uji. Nimefurahi. Naandika tena: nimefurahi.

Jumatatu, 10 Machi
Kituo cha polisi, Manyatta. Nimeandikisha taarifa. Wanawake wawili waliokuwa wakichuma karibu siku ile wamesema walichoona, bila kuogopa. Cucu hakuona chochote, ila amekuja na kukaa mbele. Jioni vijana wamekamatwa.

Nimempigia Marigu na kumsimulia yote. Siuzi. Ameuliza kama uji umebaki.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeteremka kituo cha majani, blanketi kichwani kwa sababu kofia sina. Kwenye ule mtaro nikalivuta blanketi mbele. Nikapita.

Pale foleni hupangwa kwa vikapu, wenyewe tukikaa kivulini. Changu nilikikuta mahali pake, nyuma ya cha Mama Rwamba, kimejaa. Wamekuwa wakikipanga hapo tangu Jumamosi. Nimekaa nao. Karani anayepima majani alipofika kwenye kikapu changu aliita jina, Wawira, nami nikaitika.