Ngozi Iliyonyolewa

Shangazi, shikamoo. Huku ni manyunyu tu, Mlima Meru hauonekani.

Leo nilikuwa maabara. Dokta Neema anakuza bakteria na kuchuja kimeng'enya chao, kinachotoa manyoya kwenye ngozi bila ile chokaa ya viwanda vya ngozi. Alibakiwa na chupa moja ya kujaribia, ambayo kesho ingekuwa imeharibika. Mzee Lomayani, mfugaji, akaleta ngozi ya mbuzi akiwa ameshainyoa kwa wembe.

"Mzee, nilitaka yenye manyoya!" Neema akamwambia.

"Kwetu hatumpelekei mtu ngozi chafu, mwanangu."

Wakapata manyoya kidogo karibu na mkia. Neema akayapaka kimeng'enya, tukasubiri hadi mchana. Mzee akasugua kwa kidole gumba, yakatoka yote. Akamgeukia Neema.

"Na mimi jana nimenyoa kutwa nzima!"

Kula vizuri, Shangazi. Sweta lako linanitosha kwa baridi hii.

Mwanao,
Hamisi